Dhamana Haiuzwi, Nami Niliinunua

Ndugu msomaji, nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu nimechoka kusoma makala ambazo mwandishi yuko safi na dunia nzima ndiyo chafu.

Ijumaa moja mwaka jana, majira ya saa mbili na nusu usiku, mdogo wangu alizolewa na polisi. Nasema alizolewa kwa makusudi, maana hakuna aliyekuwa akimtafuta yeye kwa jina. Alikuwa kijiweni na wenzake watano, hapa hapa Dar es Salaam, wanapiga soga huku wakimsubiri mwenzao afunge kibanda chake cha chipsi. Difenda ikasimama. "Pandeni wote!" Mmoja akathubutu kuuliza kosa lao ni nini. Alijibiwa kwa kofi na maneno mawili: "Utajua mbele." Inasemekana mtaa wa pili dada mmoja alikuwa ameporwa mkoba. Walioupora walikuwa vijana. Na hawa nao ni vijana. Hesabu ikawa imekamilika.

Habari zilipofika nyumbani mama alikuwa anakunja nguo. Swali lake la kwanza halikuwa "Amefanya nini?" Wala halikuwa "Amepelekwa kituo gani?" Aliuliza: "Nani anamjua mtu pale?"

Swali hilo kwetu ni la urithi. Marehemu baba alikuwa akitusimulia misako ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, vijana walipokuwa wakikamatwa mitaani na kurudishwa vijijini kwa sababu tu hawakuwa na kitambulisho cha kazi. Yeye alikamatwa asubuhi, jioni akawa nyumbani, kwa kuwa mjomba wake alimjua mtu. Kila alipoisimulia hadithi hiyo tulicheka. Hakuna hata siku moja tuliyomuuliza habari za wale aliokamatwa nao ambao wajomba zao hawakumjua mtu.

Usiku ule hatukupata wa kumjua. Nikaenda peke yangu, mfukoni nina shilingi 80,000, fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya kodi ya chumba.

Kituo chenyewe sitakitaja. Ukutani, nyuma ya kaunta, palikuwa na tangazo lililoanza kupauka: dhamana ni haki, haiuzwi. Chini ya tangazo hilo alikaa afande mmoja wa makamo, anakunywa chai ya rangi. Alikuwa mpole. Nalisema hili kwa sababu watu wakisikia habari za polisi hutegemea kusikia habari za jitu lenye macho mekundu. Huyu hakunitukana wala hakunifokea. Nilipomwambia nimekuja kumdhamini mdogo wangu alifungua kitabu, akapitisha kidole, akakifunga.

"Mkubwa hayupo. Mpaka Jumatatu."

"Afande, kwani kosa lake ni nini?"

"Upelelezi unaendelea."

"Basi naomba nijaze fomu ya dhamana. Mimi ni kaka yake, kitambulisho ninacho."

Akaitazama kalamu yake, kisha akanitazama mimi. "Bwana mdogo," akasema kwa upole ule ule, "hata hii kalamu yenyewe haina wino."

Aliyekulia mjini hahitaji kutafsiriwa lugha hiyo. Tulianzia laki moja, tukaishia shilingi 60,000. Kalamu ikapata wino, ingawa sikuiona ikiandika kitu. Sikusaini karatasi yoyote. Sikupewa risiti, maana risiti ya kitu ambacho hakiuzwi ingeandikwaje?

Mdogo wangu alipokuwa anavaa viatu vyake kwenye korido, mkono ukatokeza katika nondo za mlango wa selo. "Braza, samahani." Nikageuka. Alikuwa kijana mdogo, kifua wazi, mdomo umevimba upande mmoja. Akaniambia mama yake hana habari kama yuko mle. Anauza vitumbua stendi, niende nikamwambie, basi, hicho tu. Nikamuuliza ana miaka mingapi, akasema 16. Yuko mle tangu lini? Tangu juzi. Akanitajia jina lake na jina la mama yake. Nikamwambia, "Sawa dogo, nitamwambia." Afande akakohoa. Tukatoka.

Ndani ya bajaji tulicheka, mimi na mdogo wangu, kile kicheko cha watu waliokoswa na gari. Mama alitupokea mlangoni akimshukuru Mungu. Nilipojilaza kitandani ndipo nikamkumbuka yule dogo. Nikajaribu kulikumbuka jina lake. Lilikuwa limekwisha kunitoka.

Sasa swali ninalotaka tulijadili ni hili: je, nilifanya kosa? Sizungumzii kosa la kisheria. Hilo halina mjadala, rushwa ni kosa kwa mtoaji na kwa mpokeaji, kila mtoto wa shule analijua. Nauliza habari ya ubaya wenyewe, ule ambao mtu anaweza kuwa nao moyoni hata kama hakuna mahakama itakayomwita.

Kijiweni nilipolieleza jambo hili walinicheka. Hoja yao ya kwanza ilikuwa ya dharura. Nyumba ikiungua, wakasema, unamtoa uliyemfikia, huanzi kuulizana na moto habari za maadili. Ni hoja nzito, na kwa wiki nzima niliegemea kwake. Lakini ina tundu. Moto haushibi kwa sababu umemtoa mtu mmoja ndani yake. Huu wa kwetu unashiba. Zile 60,000 zangu zilimfundisha afande kwamba usiku wa Ijumaa una bei, na bei yenyewe ni hiyo. Atakayekuja Ijumaa inayofuata ataikuta inamsubiri. Tena ili biashara iende, lazima pawe na kitu kilichobaki dukani. Wale waliobaki selo usiku ule ndio walioifanya fedha yangu iwe na thamani. Kama wote wangetoka bure, mimi ningenunua nini?

Hoja ya pili niliipata kwa jirani yetu mmoja ambaye mwenyewe ni askari, mtu ninayemheshimu. Hakukataa kwamba mambo hayo yapo. Aliniuliza kama nimewahi kufikiria karatasi za kuandikia maelezo zinatoka wapi zinapokwisha. Gari halina mafuta, mlalamikaji anadai mwizi wake akamatwe leo hii, mahabusu hawana chakula kama ndugu zao hawajaleta, na askari analala na familia nzima katika chumba kimoja. "Nyie mnatuona pale kaunta," akasema. "Nyuma ya kaunta hamjawahi kufika."

Nilimwamini, na hata sasa namwamini. Lakini niliporudi nyumbani nikaona tofauti moja ambayo umaskini hauwezi kuifuta. Omba-omba ukimnyima unakwenda zako. Mwenye ufunguo ukimnyima, ndugu yako anabaki ndani. Mkono unaoomba huku umeshika ufunguo sio mkono unaoomba. Shida inaweza kutueleza kwa nini umenyooshwa, ila haiwezi kuupa haki ya kukigeuza kiwiliwili cha mtoto wa mtu kuwa rehani. Kama kituo hakina karatasi, hilo ni deni la serikali kwa askari na kwa raia pia, na wa kulilipa hawezi kuwa yule mwenye ndugu aliyefungiwa.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonikera kuliko zote, kwa sababu iko ndani yetu sote. Mshkaji mmoja aliniambia: "Achana na haki za mahabusu, bwana. Hao wengi ni vibaka. Kibaka ana haki gani?" Wenzake wakaitikia. Na watu hao hao ndio waliokasirika kwamba mdogo wangu amekamatwa bila kosa! Nikawauliza: afande aliwezaje kujua, pale kwenye difenda, nani ni kibaka na nani ni mdogo wangu? Kimya. Tuseme ukweli, sisi tunaopiga kelele juu ya virungu ndio tunaokimbilia tairi na kiberiti mtu akiitiwa mwizi mtaani. Tunataka polisi wenye adabu kwa ndugu zetu na wenye mkono mzito kwa ndugu za wenzetu. Polisi wa aina hiyo hawapo. Askari akizoea kumpiga asiye na mtetezi, hatauliza kwanza leo ni zamu ya nani.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa tofauti ya maneno mawili tunayoyachanganya kila siku, haki na upendeleo. Kitu ninachokipata mimi kwa sababu nina 60,000, au kwa sababu namjua mtu, ni upendeleo hata kama sheria inakiita haki yangu. Haki ni kile ambacho ningekipata hata kama ningekuwa yule dogo wa vitumbua. Kwa kipimo hicho, usiku ule hakuna haki iliyotolewa pale kituoni. Mimi sikupata haki ya ndugu yangu. Nilipata ndugu yangu, na haki nikaiacha pale pale kwenye kaunta.

Baadaye niliona aibu nyingine, aibu ya ujinga. Nilikuwa nimebishana bei ya kitu ambacho sikuwa hata nakijua vizuri. Nikaenda kusoma. Katiba yetu ni ya mwaka 1977, lakini sura ya haki za binadamu iliingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984, na hata hapo tulisubirishwa mpaka Machi 1988 ndipo mwananchi aweze kuzidai mahakamani. Ibara ya 13 inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika kwamba anayo. Inataka utu wake uheshimiwe wakati wa upelelezi na akiwa chini ya ulinzi, na inakataza kabisa mateso na adhabu za kudhalilisha. Ibara ya 15 inasema uhuru wa mtu hauondolewi ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria.

Utaratibu wenyewe uko katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985. Ukikamatwa uambiwe sababu. Nguvu itakayotumika isizidi inayohitajika kukukamata. Ukihojiwa uonywe kwanza kwamba hulazimiki kujibu. Uruhusiwe kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Mahojiano yamewekewa saa nne, na kuyaongeza kuna utaratibu wake. Ndani ya saa 24 ufikishwe mahakamani, na kama haiwezekani basi, kwa makosa yasiyo mazito, utoke kwa dhamana ya polisi, na dhamana hiyo ni bure. Ukiwa hujatimiza miaka 18, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza usichanganywe na watu wazima mahabusu. Ndugu msomaji, hayo yote yanaenea nyuma ya daftari la shule. Mimi niliyesoma mpaka kidato cha sita sikuyajua, ila orodha ya wafungaji wa ligi niliijua kwa kichwa.

Si kwamba sheria imekamilika. Kwa makosa kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha hakuna dhamana. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani iliwahi kukitupa kifungu kilichokuwa kikiwanyima dhamana moja kwa moja baadhi ya washtakiwa, kwa kuwa kilimwondolea mtu uhuru bila utaratibu wa haki. Bunge lilikuja kutunga katazo jingine. Mei 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba orodha ya makosa yasiyo na dhamana inakiuka Katiba, na Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Mvutano huo ni wa watu wakubwa wenye majoho. Lakini mdogo wangu hakukamatwa kwa uhaini. Hakukamatwa kwa lolote lenye jina.

Halafu nikagundua jambo ambalo sisi tunaopenda kuandika tungepaswa kuwa wa kwanza kuliona. Zile saa 24 zinahesabiwa kuanzia lini? Zinaanza mtu anapokamatwa, ndivyo sheria inavyotaka. Lakini mahakama haikuwepo kijiweni. Itakachokiona ni kilichoandikwa kitabuni. Kama Ijumaa usiku hakuna aliyeandika, na Jumatatu asubuhi ndipo jina linaingizwa, basi Jumamosi na Jumapili ya mtu huyo haikuwahi kuwepo. Kofi alilopigwa halikuwahi kuwepo. Saa ya sheria inaendeshwa na kalamu. Afande aliponiambia kalamu haina wino nilidhani ananitania. Kumbe ndiyo siri yote ya selo: mtu ambaye hajaandikwa anaweza kuuzwa, kupigwa, hata kupotea, maana hakuna ukurasa wa kumsemea.

Utaniambia nimekuza mambo, shilingi 60,000 na roho ya mtu wapi na wapi. Sikiliza. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini waliotoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi aliyekuwa nao, waliuawa na polisi hapa Dar es Salaam. Umma ulitangaziwa kwamba ni majambazi waliokufa kwa kurushiana risasi na askari. Hilo ndilo jina waliloandikiwa: majambazi. Ndugu zao hawakulikubali. Rais Jakaya Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Kipenka Mussa, na tume ikaeleza kwamba marehemu hawakuwa majambazi. Kesi ilichukua miaka. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia washtakiwa, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja wao.

Na Septemba 2, 2012, katika kijiji cha Nyololo mkoani Iringa, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kwa bomu la machozi akiwa amezingirwa na askari. Safari hii palikuwa na picha. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kosa la kuua bila kukusudia. Wengi walisema haitoshi, na mimi ni mmoja wao. Lakini angalia hata hicho kidogo kilipatikanaje. Palikuwa na watu waliomjua marehemu kwa jina, wakakataa jina jingine lisiandikwe mahali pake. Pale pasipo na jina hapana hata pa kuanzia.

Basi nani awajibike? Wengine husema askari mmoja mmoja, "samaki mmoja akioza." Mimi hujiuliza samaki wangapi lazima waoze ndipo tulitazame tenga. Wazee wetu waliliona hili. Katika operesheni ya kuzuia mauaji ya vikongwe huko Mwanza na Shinyanga mwaka 1976, watuhumiwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Yeye hakuwa amemgusa mtu. Alijiuzulu kwa kuwa ilikuwa chini ya wizara yake. Baadaye taifa likamfanya Rais wake wa pili, na watu hawakumdharau kwa kujiuzulu kule, walimheshimu. Naisimulia habari hii kwa sababu siku hizi tukimwambia mkubwa awajibike anadhani tunamtukana.

Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai mwaka huo tume ikakabidhi taarifa yenye mapendekezo mengi, likiwemo Jeshi la Polisi. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo ipo kwa sheria ya mwaka 2001, inapokea malalamiko na inaweza kuingia mahali wanapozuiwa watu. Vyombo hivyo ni vizuri, navyo tuvidai vifanye kazi. Lakini tume haiji kaunta saa nne usiku. Saa nne usiku upo wewe.

Nami sitakudanganya kwamba ukifika pale utakuwa shujaa. Ningeambiwa leo nichague tena, mdogo wangu yuko ndani na amekwisha kupigwa, sijui kama ningekubali alale siku tatu kwa ajili ya kanuni. Ni rahisi kutoa sadaka mgongo wa mtu mwingine. Kwa hiyo sisemi kwamba aliyetoa fedha kumwokoa nduguye ni mtu mbaya. Nasema ametoka pale na deni, na ubaya unaanzia pale anapojifanya hana deni.

Deni lenyewe linalipwaje? Kwa vitu vidogo vidogo. Usiende kituoni peke yako, nenda na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nenda na watu wawili watatu wenye vitambulisho, maana bei hupandia faragha na kushukia hadharani. Uliza kosa. Uliza kwa heshima jina la afande na namba yake. Andika saa, mbele yake, bila kujificha. Omba fomu ya dhamana, na ukiambiwa mkubwa hayupo, uliza nani anakaimu. Mtafute msaidizi wa kisheria, wanatambuliwa na sheria tangu mwaka 2017. Huenda yote hayo yakashindikana ukajikuta unahesabu noti kama mimi. Hata hapo limebaki jambo moja ambalo halina bei wala halikatazwi na mtu: kabla hujatoka, uliza ndani ya selo nani hana mtu wa kumjua. Andika majina yao. Kesho yake nenda ukawaambie mama zao.

Mimi nilirudi Jumanne. Jumamosi nilikuwa na uchovu, Jumapili nilikuwa na aibu, Jumatatu nilikuwa na kazi. Kaunta alikuwepo afande mwingine. Nikamuuliza habari za kijana wa miaka 16, mdomo umevimba, mama yake anauza vitumbua. "Jina?" akauliza. Nikasema sijui. "Alishapelekwa," akasema. Wapi? "Mahakamani." Ipi? Akanitazama kama mtu anayetazama saa. "Bwana mdogo, bila jina nitakutafutia nini humu?" Na kwa hilo, ndugu msomaji, alikuwa na haki.

Nikaenda stendi. Nilidhani nitamkuta mama mmoja na karai lake. Niliwakuta akina mama wanane wamepanga ndoo zao na madeli yao kando ya barabara, wengine wamefunga vitoto mgongoni. Nikaanza na wa mwanzo. "Shikamoo mama. Una mtoto wa kiume wa miaka 16?" Akacheka, akasema anao, yuko shule. Wa pili hana. Wa tatu akaniangalia vibaya, akaniuliza namtakia nini mwanawe. Wa nne alikuwa ananihesabia chenji za mteja aliyetangulia, hakujibu.

Wa tano aliacha kugeuza vitumbua. Akajifuta mikono kwenye khanga, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Anaitwa nani?" akaniuliza.

Nikasimama pale, moshi unaniingia machoni, sina jibu.